Raynox DCR-250 mkononi, bila stendi: tathmini kwa wapiga picha za wadudu wa Mtwara na Lindi

Raynox DCR-250 ni lenzi ndogo ya kubandika mbele ya lenzi uliyo nayo. Inatengenezwa Japani, haifiki gramu 100, na nguvu yake ni dayopta 8. Ukiipachika kwenye zumu ya kawaida kama 55-250mm, kamera ya mwanafunzi inaweza kumpiga picha majimoto (sisimizi wa mitini anayeuma) hadi vinyweleo vya miguu vikaonekana. Kwa miaka mingi bei yake imekuwa chini ya dola 100 za Marekani, wakati lenzi kamili ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 huuzwa mara kadhaa ya hapo. Kioo chenyewe hatuna ugomvi nacho. Lawama kwamba kinatoa picha zenye ukungu zinakionea: ukungu unaletwa na jua, na mwili unaoyumba, na upepo. Huku Kusini jua ndilo linaloharibu zaidi, na ndilo wanunuzi wengi hawalifikirii.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu hii utanunua usichokihitaji. Dayopta 8 ni sawa na urefu wa fokasi wa milimita 125. Lenzi yako ikiwa imelengwa mbali kabisa, ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wake kwa 125. Zumu ikiwa 250mm unapata mara 2. Ikiwa 200mm unapata mara 1.6, ikiwa 125mm mdudu anatua kwenye sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha) kwa saizi yake halisi. Sensa ya Canon za kawaida ina upana wa milimita 22.3, kwa hiyo kwenye mara 2 fremu nzima inabeba milimita 11 tu. Majimoto mkubwa wa milimita 8 anaijaza. Mbu wa mikorosho, mdudu mfyonza machipukizi na si mbu wa kawaida, ana mwili wa milimita 7 hivi, lakini vipapasio vyake ni virefu kuliko mwili, kwa hiyo mpige kwenye mara 1 au zaidi kidogo, la sivyo utamkata. Vunjajungu mzima hapiti hapa. Utapata uso wake na viwiko viwili, basi. Ukishusha zumu karibu na 100mm au chini yake, pembe za picha huanza kuingia giza, kwa sababu kioo cha Raynox ni kidogo na lenzi inaanza kuuona ukingo wake.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo linaloifanya DCR-250 iwe rahisi mkononi kuliko vifaa vingine vya bei yake: zumu ikibadilika, umbali wa kulenga haubadiliki. Pete ya fokasi ikiwa mwisho wa mbali, mdudu anatakiwa awe sentimita 12 hivi kutoka kwenye kioo, uwe umezumu 100 au 250. Basi msogelee ukiwa 100mm, umtafute kwenye fremu pana, mshike kwenye fokasi, kisha zungusha zumu hadi 250 bila kusogea. Anayeanza na 250 moja kwa moja atazungusha kamera kwenye majani kijani kwa dakika nzima, na mdudu atakuwa amekwenda zake.

Zima fokasi ya otomatiki. Lenzi ya 55-250 ikizungushwa kutoka mbali hadi karibu kabisa, umbali wa kulenga unahama kutoka sentimita 12.5 hadi kama 11 tu. Mota itahangaika ndani ya nafasi hiyo finyu, itapita shabaha, itarudi, na kila ikipita ukuzaji unabadilika. Iache pete mahali pamoja, fokasi utaipata kwa kusogeza mwili.

Na hapo ndipo shida inapoanzia. Kwenye mara 2 na tundu la lenzi likiwa f/11 (namba ikikua, tundu linapungua), sehemu inayotoka kali ina kina cha milimita 0.1, unene wa karatasi moja ya daftari. Kwenye mara 1 ni kama milimita 0.4. Ukiwa umesimama huru, mwili wako unakwenda mbele na nyuma zaidi ya hapo kwa kila pigo la moyo. Kitulizo cha mtikisiko kilicho ndani ya lenzi hakisaidii sana hapa: kimeundwa kurekebisha kamera inayoinama, si kamera inayosogea kando au kwenda mbele na nyuma. Kiache kimewashwa, maana kinatuliza unachokiona unapochungulia, lakini usikitegemee.

Kufunga tundu zaidi kunaongeza kina kidogo, kwa gharama. Kwenye f/16 kina kinafika milimita 0.15 kwa mara 2, na picha inaanza kulainika kote kwa sababu mwanga ukipita tundu dogo husambaa. Kwa picha ya kutuma WhatsApp au kumwonyesha bwana shamba, f/16 inatosha. Kwa kuchapisha, baki f/11. f/22 haina kazi hapa. Jambo la kuisifu Raynox ni kwamba haili mwanga: f/11 yake inabaki f/11, wakati lenzi ya makro ya kawaida ikifika saizi halisi, f/11 iliyoandikwa inafanya kazi kama f/22.

Sasa jua. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwenye jua kali, ISO 100 (ISO ni wepesi wa sensa kupokea mwanga), tundu f/16, kasi ya shata iwe takriban 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/11, kasi ni 1/200. Na 1/200 ndiyo kasi ya juu kabisa ambayo kamera nyingi za kuanzia za Canon na Nikon zinakubaliana na flashi. Sony a6000 ni 1/160. Maana yake ni kwamba mchana wa Mtwara, kwa mipangilio ambayo kila mafunzo ya mtandaoni yanakupa, jua peke yake linatosha kuchora picha nzima kabla flashi haijasema neno. Flashi inachora mdudu mkali kwa muda mfupi sana. Jua linachora mdudu yuleyule akiwa anatikisika kwa muda wote wa 1/200. Picha mbili zinalala moja juu ya nyingine, na kila unywele unapata kivuli cha mwanga pembeni. Mtu analaumu kioo.

Chukulia mkono unaoyumba milimita 5 kwa sekunde, ambao ni mkono mtulivu. Kwa 1/200 umesogea milimita 0.025, ukuzaji wa mara 2 unaifanya 0.05 kwenye sensa, yaani pikseli 13 hivi kwenye kamera ya megapikseli 24. Kwa mwako wa flashi wa 1/10,000, mkono huohuo unasogeza picha robo ya pikseli. Kwa hiyo kinachogandisha mdudu ni flashi, na kazi yako ni kulizuia jua lisishiriki.

Njia ya kupima ni rahisi na ifanyike kila ukibadilisha mahali: zima flashi, piga kwa mipangilio ileile. Picha itoke nyeusi au karibu na nyeusi. Ikitoka inayoonekana vizuri, hapo flashi haitakuokoa. Chini ya mkorosho mkubwa kivuli kinatosha, ila angalia mabaka ya jua yanayopenya majani. Baka likimwangukia mdudu, ukungu unarudi hapo hapo. Shambani pasipo mti, mwavuli mweusi ndio kifaa cha pili kwa umuhimu baada ya flashi. Unapunguza mwanga kwa stopu tatu au zaidi (kila stopu ni nusu ya iliyotangulia) na unakinga upepo. Kanga iliyoshikwa na mtu wa pili inafanya kazi pia, ila inapepea.

Usikimbilie hali ya flashi ya kasi ya juu inayoruhusu 1/1000 au zaidi. Katika hali hiyo flashi haipigi mwako mmoja, inapepesa mfululizo wakati pazia la shata likipita, kwa hiyo uwezo wake wa kugandisha umepotea na nguvu yake imeshuka sana. Na ukipandisha kasi juu ya kikomo bila hali hiyo, utapata utepe mweusi kwenye picha.

Flashi ya kubandika juu ya kamera ikipiga kwa nguvu zote, mwako wake hudumu karibu 1/300 ya sekunde. Ikipunguzwa hadi 1/128 ya nguvu hizo, unafika karibu 1/20,000. Kwa hiyo iweke kwenye hali ya kurekebisha kwa mkono, si otomatiki, na anza na nguvu ya 1/16 kwa f/11 na ISO 200. Ukiona unahitaji zaidi ya 1/4, usipandishe flashi. Sogeza difyuza (kipande cheupe cha kulainisha mwanga wa flashi) karibu na mdudu au panda ISO 400. Godox TT350 ni nyepesi na inatosha: inatumia betri mbili za AA, namba yake ya mwongozo, kipimo cha nguvu ya flashi, ni 36. TT685 ya betri nne ina nguvu zaidi lakini inaifanya kamera iwe nzito kwa juu, na uzito huo unaulipa kwa mkono unaotetemeka baada ya nusu saa. Tumia betri za kuchaji. Za dukani za kutupa huchelewa kujaza flashi, na picha ya pili na ya tatu ya mfululizo zinatoka giza.

Flashi iliyojengwa ndani ya kamera ina tatizo lingine. Zumu ikifika 250mm lenzi inarefuka, na kivuli chake kinamwangukia mdudu mzima. Kata kipande bapa cha dumu jeupe la mafuta ya kula, la lita 5, toboa tundu linalopita kwenye mdomo wa lenzi, kisha livishe hapo kama kola, limezunguka Raynox. Mwanga wa flashi utagonga plastiki na kushuka kwa mdudu kutoka juu. Kwa flashi ya kubandika, tengeneza kipaa cha plastiki hiyohiyo kinachotoka mdomoni mwa flashi hadi juu ya mdudu, upande wa juu ukiwa umewekwa foili ya jikoni. Kadiri difyuza inavyomkaribia mdudu ndivyo mwanga unavyokuwa laini na ndivyo flashi inavyohitaji nguvu ndogo, yaani mwako mfupi zaidi. Mng'ao mweupe kwenye mgongo wa mdudu mweusi ni dalili kwamba difyuza ni ndogo au iko mbali.

Bila flashi je? Inawezekana, kwa masharti. Kwenye jua la moja kwa moja unapata f/11, ISO 400, 1/800, ila vivuli ni vikali na wadudu wa saa hizo hawatulii. Kwenye kivuli cha wazi unahitaji ISO 3200 au 4000 kufika 1/1000 kwa f/11. Ndani ya msitu wa Rondo au Litipo, chini ya mwavuli wa miti, sahau. Asiye na flashi wala mpango wa kuipata asinunue DCR-250.

Namna ya kushika. Stendi haifai kwa mdudu anayetembea, na hata aliyetulia ataondoka kabla hujafungua mguu wa tatu. Kinachofaa ni kumuunganisha mdudu na kamera viwe kitu kimoja. Mkono wa kushoto ushike kijiti au jani alilokaa kwa vidole viwili, kisha mdomo wa lenzi ukae juu ya kifundo cha mkono huohuo. Sentimita 12 zinaruhusu hilo kwa mkono wa mtu mzima. Sasa ukiyumba, mdudu anayumba nawe. Kiwiko cha kulia kibane mbavuni. Goti moja chini, au kaa kabisa. Toa pumzi nusu, sogea mbele taratibu kama unayetaka kupita shabaha, na bonyeza jicho la mdudu linapoanza kuwa kali, si linapokuwa kali, kwa sababu kidole na shata vinachelewa na mwili unaendelea kusogea. Piga picha 5 hadi 8 kwa kila msogeo. Moja itakamata jicho. Ukipata mbili ni bahati njema.

Njia hii ina mdudu mmoja isiyomfaa, naye ndiye aliyejaa kwenye mikorosho yetu. Ukishika tawi lenye kiota cha majimoto watakupanda hadi kwapani, wanauma na kumwaga asidi kwenye jeraha, na hakuna kasi ya shata itakayoigandisha mikono yako. Kwao tumia ufito wa mwanzi: chomeka ardhini, bana jani moja la pembeni, walipo majimoto wachache tu, kwa kibanio cha kuanikia nguo, kisha egemeza lenzi kwenye ufito. Wawinde wanapobeba windo au wanapotunza vidukari, kwa sababu hapo wanasimama. Kiotani wenyewe hawasimami. Na msivunje viota kwa ajili ya picha: majimoto ni walinzi wa mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, jambo ambalo watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamelifanyia kazi kwa muda mrefu.

Mbu wa mikorosho mwenyewe ni mtihani mzuri wa kifaa hiki. Anakaa kwenye machipukizi laini na maua, na mgongoni ana kisindano kilichosimama chenye kichwa cha mviringo. Wengi hulenga kisindano hicho kwa sababu kinang'aa, na jicho linabaki nje ya kina. Mpige kwa ubavu, sensa ikiwa sambamba na mwili wake, ndipo jicho, kisindano na miguu ya upande mmoja vinapoingia kwenye karatasi ileile ya ukali. Kwa picha ya kumtambulisha mdudu kwa afisa ugani, ubavu unafaa kuliko uso.

Muda ni saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi. Wadudu wamepoa, umande uko, na upepo wa bahari bado. Kuanzia saa 4 asubuhi kandokando ya pwani, kutoka Mikindani hadi Kilwa, majani hayatulii. Kwenye uwanda wa Makonde nako upepo haukosi. Miezi ya kusi ni migumu zaidi, lakini ndiyo miezi mikorosho inapochipua na kutoa maua, na mbu wa mikorosho yupo, kwa hiyo hakuna kuchagua. Wingi wa wadudu wa aina nyingine unakuja na mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili.

Tahadhari ambayo hutaikuta kwenye karatasi ya maelekezo ya Raynox: salfa. Kuanzia kama Juni wakulima wanapuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), na wanapuliza alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani yana umande, yaani saa zako zilezile. Uliza kwanza shamba lipi limepulizwa. Unga huo ukitua kwenye kioo usiufute kwa shati. Pulizia kwa pampu ya mpira, kisha kitambaa laini kikavu. Na anayelala chumba chenye kiyoyozi asitoe kamera nje moja kwa moja: kioo kitashika mvuke, picha zote zitakuwa laini, na utaanza kurekebisha vitu visivyo na kosa. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto.

Kibanio kinachokuja na DCR-250 ndicho kasoro yake ya kweli. Kina vishikio viwili vya springi unavyovibana pembeni na kinaingia kwenye lenzi zenye uzi wa filta wa milimita 52 hadi 67. Nikon 55-200 ina 52, Canon 55-250 ina 58, zote sawa. Sony 55-210 ina 49, kwa hiyo inahitaji kwanza pete ya kupandisha 49-52. Kibanio kinatoka upesi, na ndani ya majani kinatoka bila kuombwa. Tawi likigusa vishikio, kioo kinaanguka mchangani. Pia kikikaa upande, nusu moja ya picha inatoka laini kuliko nyingine, na hilo hulioni kwenye skrini ndogo. Tiba ni pete ya kupunguza: kioo cha Raynox kina uzi wa milimita 43, kwa hiyo pete ya 58-43 au 52-43 inakiunganisha moja kwa moja na lenzi, bila kibanio. Pete hiyo ni bei ndogo. Iagize pamoja na lenzi, kifurushi kikipakiwa basi Dar es Salaam kije kimoja.

Ukirudi nyumbani, kuza jicho la mdudu kwenye skrini hadi asilimia 100 na usome ukungu. Kitu kingine kikiwa kikali, mguu au jani, lakini jicho si kali, umepishana na kina. Rudi kwenye kushika na kusogea. Kingo zikiwa mbili mbili, mwanga wa jua umeingia. Rudi kwenye mwavuli. Kila kitu kikiwa kimevutwa upande mmoja, mwako ulikuwa mrefu, punguza nguvu ya flashi. Kipapasio peke yake kikiwa kimefutika, mdudu alikipunga, na mwako wa nguvu ya 1/64 utakikamata. Laini kote bila mwelekeo: f/22, mvuke, au alama ya kidole.

Mbadala wa bei ya chini zaidi, seti za filta +1, +2, +4 na +10, ni kioo kimoja kitupu na hutoa kingo za zambarau na pembe zilizoyeyuka. Hapo ukungu ni wa kioo kweli. Mirija ya kurefusha ya milimita 68 kwenye lenzi ya 50mm inakupa mara 1.36 kwa picha safi, lakini inakula stopu mbili na nusu za mwanga na mdudu anakuwa karibu mno na kioo, difyuza haina pa kupita.

Kwa anayetaka kereng'ende wa ziwa Rutamba wakiwa bado wamelala kwenye matete, au vipepeo, DCR-250 ni kali kupita kiasi. DCR-150, ndugu yake wa dayopta 4.8, inakuweka kama sentimita 20 kutoka kwa mdudu, inatoa mara 1.2 kwenye 250mm, na kwa mkono ambao haujazoea, picha zinazofaa zitakuwa nyingi zaidi tangu asubuhi ya kwanza.